Kura ya Washington Haiko Washington

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa Waswahili wa Washington, Maryland na Virginia, uliofanyika Silver Spring. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, isipokuwa zile picha za ukutani.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, vijana, poleni na kazi za wiki nzima.

Nitaanza kwa kuwasumbua kidogo. Nyosheni mikono: nani hapa anakaa ndani ya Washington yenyewe? Siyo Maryland, siyo Virginia, Washington yenyewe, mji mkuu, huu tunaouita DC. Haya, mikono michache. Na nani ni raia, amejiandikisha kupiga kura, na anakaa Maryland au Virginia? Aha. Karibu ukumbi mzima. Basi hotuba hii ni yenu. Ninyi mnaoniambia kila siku "ndugu yangu, hayo ya DC ni yenu wenyewe", ndio niliowafuata leo.

Ukitoka mlango huu ukashika Georgia Avenue kuelekea mjini, hufiki mbali utakutana na Eastern Avenue. Ni barabara ya kawaida tu, nyumba huku, nyumba kule. Lakini anayekaa upande huu ana maseneta 2, tena ana mwakilishi mwenye kura. Jirani yake wa upande wa pili, anayemwona akimwagilia maua, hana seneta hata mmoja, kwa sababu Washington si jimbo. Ana mjumbe katika Baraza la Wawakilishi. Mjumbe huyo anakaa na wenzake, anazungumza, anapeleka miswada, anapiga kura ndani ya kamati. Ikifika ile kura ya mwisho, inayofanya mswada upite au uanguke, yeye hana. Kodi ya serikali kuu wote wawili wanalipa. Vita ikizuka, watoto wa wote wawili wanakwenda.

Msinielewe kwamba ni kijiji. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 689,545 Washington. Jimbo zima la Wyoming lilikuwa na 576,851. Vermont 643,077. Kila moja ya majimbo hayo lina maseneta 2, sawasawa na California. Washington, sifuri.

Wenzangu kutoka Kenya, Nairobi ina wabunge 17 wa majimbo, ina mwakilishi wa wanawake, ina seneta. Sivyo? Watanzania, mkaazi wa Dodoma ana mbunge, tena wala hajui kama hilo ni jambo la kushukuru. Mimi niliyetoka huko, nilipoapa kuwa raia wa nchi hii na nikaambiwa hongera sasa utakuwa na sauti, nilidhani nimepata vyote. Kumbe ilitegemea nimepanga nyumba mtaa gani.

Hali hii ilianzaje? Juni 1783 askari waliokuwa hawajalipwa mishahara walilizunguka jengo la Bunge huko Philadelphia. Wabunge wakaomba jimbo la Pennsylvania lilete wanamgambo wa kuwalinda, jimbo likasita. Wabunge wakakimbia mji. Walipokuja kuandika Katiba, hawakulisahau lile: wakaamua serikali kuu iwe na eneo lake, lisilo chini ya jimbo lolote. Maryland na Virginia wakatoa ardhi. Mpaka 1800 watu wa eneo hili waliendelea kupiga kura na wenzao wa Maryland na Virginia. Mwaka 1801 Bunge likapitisha sheria ya kulishika eneo moja kwa moja, na kura ile ikapotea. Hakuna aliyesimama akasema "hawa tuwanyime". Ilipotea tu, kama karatasi iliyodondoka nyuma ya kabati, na mpaka leo watu wanabishana nani alisogeze kabati.

Mwaka 1961 Tanganyika ilipopandisha bendera yake, raia wa Washington alikuwa hajawahi kumpigia kura Rais wa Marekani tangu 1800. Marekebisho ya 23 ya Katiba, yaliyowapa kura hiyo, yalipita Machi mwaka huo huo, na kura ya kwanza ya Rais wakaipiga 1964. Meya wa kuchagua wenyewe hawakuwa naye. Tangu 1874 mji ulikuwa ukiendeshwa na makamishna wa kuteuliwa. Yaani wazee wetu walikuwa wanajitawala, na watu wanaoishi mita chache kutoka Ikulu ya Marekani wanatawaliwa kwa barua za uteuzi.

Sasa mtu ataniuliza, na ni swali zuri: kura hiyo moja, maseneta hao wawili, vina tofauti gani na maisha ya mtu? Mwenye nyumba bado atataka kodi yake.

Nitawapa kisa kimoja. Novemba 1998 wakaazi wa Washington walipiga kura ya kuamua kama wagonjwa waruhusiwe kutumia bangi kwa dawa. Tuiache bangi yenyewe, kila mtu ana maoni yake, na najua baadhi ya wazee hapa wana maoni makali. Sikilizeni kilichotokea. Kabla ya siku ya kura, mbunge mmoja kutoka Georgia, Bob Barr, alikuwa ameshaingiza kifungu kwenye sheria ya bajeti: mji wa Washington usitumie hata senti moja kwa jambo hilo. Watu wakaenda vituoni, wakapiga kura, vituo vikafungwa. Matokeo? Hayakutangazwa. Kuhesabu kungehitaji kutumia fedha, na fedha zimekatazwa. Gharama ya kubonyeza kompyuta itoe jumla ilikadiriwa haifiki dola 2. Matokeo yakakaa yamefungiwa karibu mwaka mzima, mpaka jaji alipoamuru Septemba 1999 yatolewe. Asilimia 69 walikuwa wamesema ndiyo. Na baada ya hapo Bunge likazuia tena utekelezaji, kwa miaka kumi.

Tumetoka nchi ambazo tunajua habari za kura. Tunajua kura kuibwa, tunajua kura kuchomwa. Lakini kura halali, zimepigwa kwa amani, mji mkuu wa Marekani, halafu inakatazwa kisheria kuzihesabu! Na mbunge aliyefanya hivyo hakuogopa chochote, kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja wa Washington aliyeweza kumpigia kura ya kumwondoa. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Au tuchukue fedha, labda hilo linaeleweka upesi zaidi. Machi 2020, korona imeingia, Bunge likatoa fedha za dharura. Kila jimbo, hata liwe dogo namna gani, lilipewa si chini ya dola bilioni 1.25. Washington ikawekwa kundi moja na visiwa na makoloni, ikapata kama milioni 500. Fedha zile zilikuja kufidiwa mwaka uliofuata, baada ya Bunge kubadilika. Kisha Machi 2025 ukapita mswada wa bajeti uliouacha nje ule mstari wa kawaida unaoruhusu mji kutumia bajeti yake, na ghafla pengo la kama dola bilioni 1.1 likafunguka katikati ya mwaka. Hizo hazikuwa fedha za msaada. Zilikuwa kodi zilizokusanywa hapa, kwa watu wa hapa. Seneti ikapitisha marekebisho, Baraza la Wawakilishi halikuyagusa. Na Agosti mwaka huo huo mliona wenyewe: Rais akachukua uongozi wa polisi wa mji kwa siku 30 na kuleta kikosi cha Ulinzi wa Taifa mitaani. Kila gavana ana amri juu ya kikosi cha jimbo lake. Meya wa Washington hana, kwa sababu Washington si jimbo.

Mjadala kuhusu uhalifu ni mjadala wa haki, mimi mwenyewe sipendi kurudi nyumbani usiku nikitazama nyuma. Ninachouliza ni nani aamue, na akikosea, nani amwajibishe?

Haya. Tuje kwenye kazi ya mashinani, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Mwaka 1966 kampuni ya mabasi ya DC Transit ilitaka kupandisha nauli kutoka senti 20 mpaka 25. Kijana mmoja wa Tennessee aliyekuwa amehamia mjini kufanya kazi na vuguvugu la wanafunzi, Marion Barry, akasema: Jumatatu tarehe 24 Januari, tusipande. Bungeni hawakuwa na sauti, baraza la mji la kuchagua hawakuwa nalo. Walichokuwa nacho ni miguu na nauli mfukoni. Watu zaidi ya 70,000 wakaacha mabasi siku ile. Wenye magari wakawapakia wasio nayo. Siku chache baadaye tume ya usafiri ikakataa ongezeko la nauli. Mwezi uliofuata Barry na wenzake wakaanza kuingia maduka na stika zenye maneno ya kudai Washington iwe huru. Bandika dirishani, utie saini ya kuunga mkono mji kujitawala, au tununue kwa jirani yako.

Na alikuwapo mzee mwingine, Julius Hobson. Huyu ningependa mngekutana naye. Mitaa ya watu weusi ilikuwa imejaa panya, serikali haishughuliki. Hobson akakamata panya, akawatia kwenye tundu, akalifunga juu ya gari lake, akaendesha mpaka Georgetown, mtaa wa wakubwa, akatangaza kwamba mji usipowaua panya wa kwetu atawafungulia huku kwenu. Akatangaza ana mabanda mengine ya panya mahali, maelfu. Uongo! Alikuwa na wachache tu. Lakini wauaji wa panya walipelekwa mitaani. Hobson huyo ndiye baadaye aliyesaidia kuanzisha chama cha kudai Washington iwe jimbo, na akachaguliwa baraza la mji.

Mnacheka, na mimi nacheka. Lakini panya alimsogeza afisa wa mji. Bunge hakulisogeza. Stika zilimsogeza mwenye duka. Bunge hazikulisogeza. Kwa nini? Kwa sababu kura za Bunge hazikuwa Washington. Zilikuwa wapi? Semeni basi. Zilikuwa majimboni.

Aliyelielewa hilo vizuri kuliko wote alikuwa mchungaji.

Kwa miaka mingi mtu mwenye ufunguo wa Washington alikuwa John McMillan, mbunge wa South Carolina. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia mji huu, na kiti hicho alikikalia, ukiacha vipindi viwili vifupi, tangu 1945. Seneti ilipitisha miswada ya kuupa mji haki ya kujitawala mara kadhaa. Ikifika kwa McMillan, inalala. Mji wakati huo umeshakuwa wa watu weusi kwa wingi, na yeye ni mtu wa zama za ubaguzi. Inasimuliwa kwamba Walter Washington, meya wa kwanza mweusi, aliyeteuliwa na Rais Johnson mwaka 1967, alipompelekea bajeti yake ya kwanza, McMillan alijibu kwa kupeleka lori la matikiti maji ofisini kwa meya. Wanaokaa nchi hii siku nyingi wanajua tusi lililomo.

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Uandamane mbele ya ofisi yake? Waliandamana. Umwandikie? Waliandika. Yeye hana habari nao, kwani wapiga kura wake wako South Carolina, wanalima tumbaku, na hao ndio anaowaogopa.

Mchungaji Walter Fauntroy, aliyefanya kazi na Martin Luther King, alichaguliwa mjumbe wa Washington mwaka 1971. Hana kura Bungeni. Lakini alitazama ramani. Jimbo la uchaguzi la McMillan lilikuwa na watu weusi wengi, na tangu sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 walikuwa wameanza kujiandikisha. Fauntroy na watu wake wakashuka South Carolina. Waliwafuata watu wa huko, makanisani na majumbani, wakawaambia: mbunge wenu ndiye anayewakalia ndugu zenu kule Washington. Maana wengi wa Washington walikuwa na asili huko huko Carolina. Bibi yuko kule, mjukuu yuko huku. Mwaka 1972, kwenye mchujo wa chama chake, McMillan akaangushwa. Ameingia Bungeni 1939, ametoka hivyo.

Kamati ikachukuliwa na Charles Diggs wa Detroit. Januari 1973 anaanza uenyekiti; tarehe 24 Desemba 1973 sheria ya Washington kujitawala inatiwa saini na Rais Nixon. Chini ya mwaka mmoja! Ilikuwa imekwama karibu karne nzima. Novemba 1974 watu wakachagua meya na baraza, na wakamchagua yule yule wa matikiti, Walter Washington.

Naomba mrudi nyuma kidogo mnisikilize vizuri. Mlango wa Washington ulifunguliwa na wakulima wa tumbaku wa South Carolina. Watu ambao wengine hawajawahi hata kufika Washington.

Sasa linganisheni na kilichofuata. Agosti 1978 Bunge likapitisha, kwa theluthi mbili za kila upande, marekebisho ya Katiba ya kuipa Washington uwakilishi kamili, maseneta na wawakilishi, kana kwamba ni jimbo. Fikirini ushindi huo. Leo huwezi kupata theluthi mbili Seneti hata kwa kusema jua linachomoza mashariki. Yalibaki majimbo 38 kuridhia, ndani ya miaka 7. Mwaka 1985 muda ukaisha. Majimbo mangapi yalikuwa yameridhia? Kumi na sita. Sababu zinazotajwa ni nyingi, na siasa za nchi zilikuwa zinaelekea kulia, hilo ni kweli. Lakini kwa maoni yangu nguvu nyingi zilitumika Bungeni, na zilipohitajika Missouri, Nevada na Kansas, hapakuwa na watu wa kutosha wa kugonga milango. Hapakuwa na bibi wa kumtuma.

Septemba 2007 ndiyo inayoniuma zaidi. Mwezi wa Aprili, siku ya kumbukumbu ya kukombolewa watumwa wa Washington, maelfu waliandamana mpaka Bungeni kwenye upepo na mvua ya baridi. Mswada ulikuwa mdogo: Washington ipate mwakilishi 1 mwenye kura, na Utah, jimbo la upande wa pili kisiasa, liongezewe 1, ili pasiwe na chama kinachopata hasara. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 241 dhidi ya 177. Seneti ilihitaji 60 ili mjadala uendelee. Zikapatikana 57.

Tatu. Kura tatu! Na hizo tatu zilikuwa wapi, ndugu zangu? Zilikuwa Washington?

Ulirudishwa tena 2009. Seneti safari hii ikaupitisha, 61 kwa 37, lakini seneta wa Nevada akaubandika kifungu kinachofuta karibu sheria zote za mji za kudhibiti bunduki. Viongozi wa Washington wakagawanyika. Wengine wakasema tuchukue kura kwanza, bunduki tutazishughulikia tukiwa ndani. Wengine wakasema kura ya kununuliwa kwa bunduki hatuitaki. Mswada ukafa.

Wazee wa Tanganyika, mnaisikia harufu ya Tabora? Januari 1958, kwenye mkutano wa Tabora, TANU, chama cha kudai uhuru, wameletewa uchaguzi wa Kura Tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na masharti ya kipato na elimu juu yake. Tusi mbele ya macho. Zuberi Mtemvu akasema hapana, akatoka kuunda chama chake. Nyerere akawashawishi wajumbe waingie, wakaingia, wakazoa viti, na miaka minne haikuisha uhuru ukapatikana. Nimewahi kuwasimulia Wamarekani kisa hiki kwenye kamati zetu na wakapenda sana. Lakini mimi mwenyewe siamini kinafanana moja kwa moja. TANU ilikuwa na nchi nzima nyuma yake. Ikishaingia ndani, inajua itazoa. Washington ingeingia na kura 1 kati ya 437. Sheria ya bunduki iliyofutwa ingerudishwa kwa nguvu gani? Kwa hiyo sijui mtu wa 2009 alaumiwe kwa lipi. Ninachojua ni kwamba ukiwa na watu majimboni, huletewi kifungu kama kile. Seneta wa Nevada angepigiwa simu na watu wa Nevada.

Msidhani basi hakuna kilichosonga. Mwaka 2000 mkaazi mmoja wa kawaida alitoa wazo kwa mtangazaji wa redio: kwa nini vibao vya namba za magari yetu visiandikwe kwamba tunatozwa kodi bila uwakilishi, kilio kile kile cha Wamarekani dhidi ya Mwingereza? Mji ukakubali. Clinton akavifunga kwenye gari la Rais, Bush akavifungua, Obama akavirudisha 2013. Mnaviona kila siku barabarani. Ni kibao tu, lakini gari la Washington likifika Ohio, mtu wa Ohio anauliza. Mwaka 1993 mswada wa Washington kuwa jimbo ulipata kura 153 katika Baraza la Wawakilishi, ukaanguka vibaya. Mwaka 2016 wakaazi wenyewe wakaulizwa, karibu 86 kati ya kila 100 wakasema tuwe jimbo. Juni 2020 Baraza likapitisha, 232 kwa 180, mara ya kwanza katika historia. Aprili 2021 tena, 216 kwa 208. Seneti, mswada haukufika hata kupigiwa kura.

Sitawaficha upinzani. Washington inawapigia Demokrati kwa zaidi ya 90 katika kila 100, na Republican wanajua maseneta 2 wapya wangekuwa wa nani. Hiyo ndiyo sababu kubwa, mengine ni mapambo. Zipo hoja za kisheria pia: wapo wanaosema yanahitajika marekebisho ya Katiba, na yale Marekebisho ya 23 yatabaki yananing'inia. Wapo wanaosema eneo lirudishwe Maryland, kama upande wa Alexandria ulivyorudishwa Virginia karne ya 19. Hizo ni hoja za watu wazima, zijibiwe kwa heshima. Lakini hoja ya kwamba watu hawa wanachagua chama nisichokipenda kwa hiyo wasihesabiwe, hiyo sisi tunaijua. Tuliisikia kwetu, na hatukuikubali.

Basi tunafanya nini? Nakuja kwenu sasa.

Hesabuni ndugu zenu. Wewe una dada Houston. Wewe una shemeji Columbus. Wakongo wetu wako Louisville, wako Des Moines. Wakenya wamejaa Minnesota na Texas. Watanzania, Warundi, tuko kila mahali, na harusi ikitangazwa kundi la WhatsApp linachangisha maelfu ya dola kwa wiki moja. Msiniambie hatujui kuhamasisha! Kamati ya harusi ya Kiswahili ni mashine ya kampeni ambayo chama chochote cha Marekani kingeilipia.

Kila mmoja wa ndugu hao aliye raia ana maseneta 2 wanaomwogopa. Mimi ninayekaa ndani ya Washington nikimpigia simu seneta wa Iowa, kijana wa mapokezi atauliza nakaa wapi, atanishukuru, na karatasi itaishia hapo. Shemeji yako wa Des Moines akipiga, anaandikwa. Wakipiga shemeji ishirini wiki moja, mtu anaitwa ofisini kuulizwa kuna nini.

Simu ya Bunge ni 202-224-3121. Unataja jimbo lako, unaunganishwa na ofisi ya seneta wako. Useme jina, mji, namba ya posta ya eneo lako, halafu sentensi moja: namwomba seneta aunge mkono Washington kuwa jimbo. Kisha usimulie kisa kimoja, kifupi. Simulia zile kura zilizokatazwa kuhesabiwa; hicho hakuna anayekisahau. Usitukane, hata kama seneta ni yule usiyempenda. Hasa kama ni yule. Na ukiambiwa hapana, uliza kwa nini, uandike jibu, utuletee, maana tunayakusanya.

Ninyi wa Maryland na Virginia, maseneta wenu wengi wao tayari wanaunga mkono, msipoteze muda kuwashawishi. Waulizeni wamezungumza na nani. Seneta husikilizwa na seneta.

Na wenye grini kadi, au ambao hamjafika hapo, mlikuwa mmeshaanza kukunja mikono. Kwanza, haki ya kumwandikia au kumpigia mbunge si ya raia peke yake. Pili, kwa sheria ya mji iliyoanza kutumika kwenye uchaguzi wa 2024, asiye raia anayekaa Washington anaweza kupiga kura za mji: meya, baraza, bodi ya shule. Bunge limejaribu kuifuta zaidi ya mara moja. Lakini nisikilizeni sana hapa: ni kura za mji tu. Kura ya Rais au ya mjumbe wa Bunge, asiye raia asiiguse, hata akipewa karatasi kwa makosa. Na kabla ya kujiandikisha hata kwa za mji, ongea na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu fomu ya uraia itakuuliza kama umewahi kupiga kura na lazima uwe na jibu safi.

Pale mlangoni kuna karatasi zenye orodha ya majimbo 50. Kila mtu aandike majina ya ndugu watatu na jimbo wanalokaa. Namba zao za simu bakini nazo wenyewe. Atakayewapigia ni wewe, siyo mimi, kwani mimi hawanijui. Mama pale mwenye kitenge cha kijani ana kalamu. Wyoming hatuna mtu bado, kama kuna mwenye binamu Wyoming tafadhali asiondoke kabla hajaniona.

Haya, maswali. Mzee, anza wewe.